Moto wa mlimani ukizimika, hasara ya mkulima huja na mvua

MKULIMA anayeishi chini ya mlima hushusha pumzi anapoona moshi umekwisha juu msituni. Moto haukufika shambani, nyumba imesalia, mifugo ipo zizini. Hesabu anayopiga siku hiyo ni ya hasara iliyomkwepa.

Uzoefu wa wakulima wa jimbo la New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani, unaonyesha kwamba hesabu hiyo mara nyingi hufungwa mapema mno. Wapo walionusurika na moto wenyewe, lakini wakapoteza mashamba, mifereji na maji ya kunywa kwa mvua iliyonyesha juu ya majivu wiki chache baadaye.

Mwaka 2022 jimbo hilo lilipatwa na moto mkubwa kuliko yote katika kumbukumbu zake. Moto huo, unaojulikana kwa jina la Hermits Peak/Calf Canyon, ulianza Aprili katika milima ya Sangre de Cristo na kutangazwa kuwa umedhibitiwa kabisa Agosti 21. Uliteketeza ekari zipatazo 341,000, sawa na hekta 138,000, hasa katika wilaya za San Miguel na Mora, na kuharibu majengo zaidi ya 900.

Kinachowauma wenyeji zaidi ni chanzo chake. Aprili 6, 2022, watumishi wa Idara ya Misitu ya serikali kuu walichoma eneo la msitu kwa makusudi, kwa lengo la kupunguza majani makavu na matawi yanayoweza kulisha moto mkubwa baadaye. Upepo ukauchukua moto huo nje ya mipaka. Moto wa pili ulitokana na marundo ya matawi yaliyochomwa Januari. Marundo hayo yalibaki yakifuka chini ya theluji kwa miezi, kisha yakawaka tena Aprili. Moto hiyo miwili ilikutana Aprili 22. Mwezi uliofuata idara hiyo ilisimamisha uchomaji wa aina hiyo nchi nzima kwa siku 90.

Lakini kalenda haikusimama. Katika milima hiyo mvua kubwa za mwaka huja kati ya Julai na Septemba, nazo huja kwa ngurumo za alasiri, fupi na kali. Hivyo mafuriko yalianza kushuka kabla moto haujatangazwa kuwa umekwisha. Julai 2022 watu watatu walikufa kwa mafuriko ya ghafla katika eneo lililoungua.

Mifereji ya mababu yajaa tope

Wakulima wa mabonde hayo wengi ni wadogo. Wanalima lusani na majani ya mifugo, wana miti ya matunda, bustani za mboga na ng'ombe wachache. Maji yao hutoka katika mifereji ya asili inayoitwa acequia, iliyoletwa na walowezi wa Kihispania zaidi ya miaka 400 iliyopita. Wahispania nao waliurithi ujuzi huo kwa Waarabu, na hata jina lenyewe lina asili ya Kiarabu.

Anayeifahamu mifongo ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro ataielewa acequia bila maelezo marefu. Kuna banio mtoni, mfereji unaofuata mwinuko wa ardhi, na zamu za maji. Kuna msimamizi anayechaguliwa na watumiaji, na kila mwaka kabla ya msimu wanachama hutoka na majembe kusafisha mfereji. Asiyefika hutuma mtu au hulipa.

Mafuriko ya mwaka 2022 yaliuvunja utaratibu huo katika makumi ya mifereji. Mabanio yalichukuliwa na maji. Mifereji ilijaa majivu, mchanga, mawe na magogo yaliyoungua. Mahali pengine mto wenyewe ulichimbika ukaenda chini zaidi, kiasi kwamba maji hayakuweza tena kupanda hadi kwenye mdomo wa mfereji.

Kazi ya aina hiyo haimalizwi kwa majembe ya wanachama. Inahitaji mashine ya kuchimbua, malori ya kubeba tope na fundi wa kujenga banio upya. Aidha, kazi ikimalizika Juni, mvua ya Julai huweza kuirudisha mwanzo, kwa sababu mlima ulio juu bado haujaota majani.

Kwa mkulima hesabu ni rahisi kuifuata. Mfereji ukikosa maji msimu mmoja, lusani haikatwi. Lusani isipokatwa, mfugaji hununua majani ya mifugo kwa bei ya wakati wa shida au huuza ng'ombe wakati kila jirani naye anauza. Miti ya matunda ikikauka, hasara haiishi mwaka huo, kwani mti mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Moto unaweza kuwa umepita kilomita nyingi kutoka shamba hilo, lakini umeingia kwenye daftari lake la mapato.

Kwa nini udongo hukataa maji

Msitu wenye afya hufanya kazi tatu mvua inaponyesha. Majani ya miti huvunja nguvu ya matone. Takataka za majani zilizolala chini hunyonya maji kama sifongo. Mizizi hushika udongo na kuacha vitundu ambamo maji hupenya taratibu.

Moto mkali huondoa yote matatu kwa siku moja. Tena huongeza tatizo la nne. Majani na mabaki ya mimea yanapoungua hutoa mvuke wenye mafuta na nta. Mvuke huo huingia ardhini, na ukikutana na udongo wa baridi, sentimita chache chini, huganda na kuzipaka chembe za udongo. Tabaka hilo hukataa maji. Matone yakimwagwa juu ya udongo huo hukaa kama yaliyomwagwa kwenye sahani iliyopakwa mafuta.

Mvua inaponyesha juu ya mteremko wa namna hiyo, maji huishia kwenye tabaka la juu tu, nalo hulegea na kuteleza. Vijifereji vidogo hufunguka, huungana, huingia kwenye makorongo. Huko hukuta mawe, magogo na mchanga uliorundikana kwa miaka mingi. Maji yanazidi kuwa mazito hadi yanafanana na zege bichi. Zaidi ya nusu ya ujazo wake huweza kuwa mawe na udongo.

Hapo ndipo tofauti kati ya mafuriko ya kawaida na maporomoko ya tope inapoonekana. Maji matupu huzunguka jiwe kubwa na kuliacha. Tope zito hulibeba. Mawe makubwa kama magari huelea ndani yake na kutangulia mbele, yakivunja madaraja, kuta na nyumba.

Mfano wa hesabu unasaidia. Milimita 10 za mvua katika hekta moja ni lita 100,000 za maji. Korongo linalokusanya maji ya hekta 100 hupokea lita milioni 10. Msitu ukiwa mzima, sehemu kubwa huzama ardhini na kutoka polepole kwa siku nyingi. Msitu ukiwa umeungua, tuseme nusu tu ya maji hayo yakimbie juu ya ardhi, ni lita milioni tano ndani ya muda mfupi. Hayo ni maboza 500 ya lita 10,000 yanayofunguliwa kwa pamoja juu ya korongo moja.

Na mvua yenyewe haihitaji kuwa ya kutisha. Taasisi ya Jiolojia ya Marekani, USGS, inaeleza kwamba kusini mwa California mvua ya milimita 7 tu ndani ya nusu saa imewahi kuanzisha maporomoko ya tope katika eneo lililoungua. Kinachoua ni ukali wa mvua ndani ya dakika 15 au 30. Mvua ya siku nzima inayonyesha taratibu inaweza kupita bila madhara, na ya robo saa ikabomoa kijiji.

Mji wakosa maji

Wafanyabiashara wa mjini nao hawakusalimika. Las Vegas ya New Mexico, ambayo si ule mji wa kamari wa jimbo la Nevada, ina wakazi wapatao 13,000 na hutegemea Mto Gallinas kwa maji ya bomba. Sehemu kubwa ya milima inayoulisha mto huo iliungua mwaka 2022.

Mvua zilipoanza, mto ulileta majivu na tope ambalo mtambo wa kusafishia maji haukujengwa kulimudu. Mji ulilazimika kufunga mlango wa maji ya mto na kutumia akiba iliyokuwa kwenye mabwawa. Mwishoni mwa Julai gavana wa jimbo alitangaza hali ya dharura, na kufikia Septemba akiba iliyobaki ilikuwa ya siku zisizotimia 30. Mtambo wa muda uliwekwa ili kutumia maji ya ziwa lililo jirani.

Tatizo halikuisha na mwaka huo. Juni 2024, miaka miwili baada ya moto, mafuriko kutoka milima hiyo hiyo yaliuchafua tena mto na kuuweka mji katika shida ya maji. Mgahawa, dobi, mama lishe na mwenye nyumba ya wageni, wote wanaotegemea bomba, wamo ndani ya hesabu ya moto wa msituni hata kama hawajawahi kukanyaga msitu huo.

Dakika chache za Montecito

Tukio linalotajwa mara nyingi zaidi na wataalamu wa suala hili ni la Montecito, pwani ya California. Moto uitwao Thomas ulianza Desemba 4, 2017 karibu na mji wa Santa Paula, katika eneo lenye mashamba ya malimau na maparachichi, ukaunguza ekari zipatazo 282,000 kuelekea magharibi.

Alfajiri ya Januari 9, 2018, yapata saa tisa na nusu usiku, zaidi ya milimita 13 za mvua zilinyesha ndani ya dakika tano juu ya milima iliyoungua. Tope na mawe vilishuka kwa makorongo kadhaa kwa pamoja, vikapita katikati ya makazi hadi baharini. Watu 23 walikufa. Nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa, na barabara kuu namba 101 inayounganisha miji ya pwani ilifungwa kwa karibu wiki mbili. Moto wenyewe ulitangazwa kudhibitiwa kabisa Januari 12, siku tatu baada ya maafa.

Tahadhari ilikuwa imetolewa. Hata hivyo, wakazi wengi walikuwa wametoka tu kurudi nyumbani baada ya kuhamishwa kwa ajili ya moto mwezi Desemba, na wengi hawakuondoka mara ya pili. Aidha, ramani iligawa eneo hilo sehemu mbili, moja ya kuhama kwa lazima na nyingine ya kuhama kwa hiari. Tope halikufuata mstari huo.

Mji mdogo wa Ruidoso, New Mexico, ulikumbwa na hali kama hiyo. Milima yake iliungua Juni 2024. Julai 8, 2025, mwaka mmoja baadaye, mvua kali ilipandisha mto wa mji huo kwa kiwango ambacho hakijawahi kuandikwa, na watu watatu wakafa.

Nani alipe?

Swali la malipo ndilo lililogawa watu zaidi. Kwa kawaida bima ya nyumba nchini Marekani hulipa hasara ya moto lakini hailipi mafuriko wala tope. Bima ya mafuriko hununuliwa peke yake, na ile ya serikali kuu huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipiwa, isipokuwa katika hali maalumu, ikiwamo baadhi ya mafuriko yanayofuata moto wa ardhi ya serikali kuu.

Baada ya Montecito, kamishna wa bima wa California aliyakumbusha makampuni kwamba kwa sheria ya jimbo hilo, moto ukiwa ndio chanzo kikuu kilicholeta tope, hasara hiyo inahesabiwa kuwa ya moto na inapaswa kulipwa. Mwaka huo huo wa 2018 jimbo liliweka kanuni hiyo kwenye maandishi ya sheria. Kwa mwenye bima, tofauti ya tafsiri moja ilikuwa tofauti kati ya kujenga upya na kuanza na sifuri.

New Mexico suala lilikuwa tofauti kwa kuwa serikali ndiyo iliyowasha moto. Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 2.5 mwezi Septemba 2022 na kuongeza dola bilioni 1.45 Desemba, jumla karibu dola bilioni 4. Sheria hiyo ilikubali kulipa si hasara ya moto tu, bali pia ya mafuriko na maporomoko ya tope yaliyotokana nao.

Fedha kutengwa ni jambo moja, kumfikia mkulima ni jingine. Malalamiko makubwa yamekuwa ucheleweshaji na karatasi. Katika mabonde hayo ardhi imerithiwa vizazi kwa vizazi, na familia nyingi hati zao bado ziko kwa jina la babu au hazipo kabisa. Anayeomba fidia huulizwa uthibitisho wa umiliki, stakabadhi na picha. Misaada mingine hulipwa kwa utaratibu wa kurudishiwa, yaani chama cha mfereji kitumie kwanza fedha zake, kisha kidai. Chama chenye akiba ndogo hakina cha kutanguliza.

Kinachofanya kazi

Baada ya moto mkubwa katika misitu yake, Idara ya Misitu ya Marekani hutuma timu ya wataalamu wa udongo, maji na misitu. Hulinganisha picha za satelaiti za kabla na baada ya moto, hukagua udongo kwa kumwagia matone ya maji, na kuchora ramani ya mahali palipoungua kwa ukali. USGS nayo hutoa ramani ya makorongo yenye hatari kubwa ya tope.

Katika kutibu mteremko wenyewe, njia iliyothibitika zaidi ni matandazo ya majani makavu au vipande vya mbao, ambayo hufanya kazi ya takataka za msitu zilizoungua. Kusia mbegu peke yake hakusaidii sana msimu wa kwanza, kwa sababu mvua kali mara nyingi huja kabla mbegu hazijashika. Magogo yanayolazwa kukatiza mteremko huzuia mvua ndogo, lakini huzidiwa na kubwa.

Chini ya mlima kuna mabwawa ya kunasa tope na nyavu za chuma zinazotandazwa makorongoni. Montecito imefanya yote mawili. Bwawa jipya lilikamilika huko mwaka 2022, na Januari 9, 2023, mvua kubwa iliporudi tarehe ile ile, mji mzima uliamriwa kuhama. Safari hiyo maafa ya mwaka 2018 hayakujirudia, ingawa mimea iliyokwisha kuota tena nayo ilisaidia.

Hatari ya tope ni kubwa zaidi katika miaka miwili ya kwanza, na ya mafuriko huweza kudumu hadi mitano. Baadaye huja hatari nyingine, kwani mizizi ya miti iliyokufa huoza, na mteremko ulioshikwa nayo huweza kuporomoka.

Mlimani kwetu

Tanzania inayajua maporomoko ya tope. Desemba 3, 2023, tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Chanzo hakikuwa moto. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji na kumeguka. Lakini namna tope lilivyofuata makorongo na kuingia sokoni na majumbani ni ile ile.

Moto nao upo. Oktoba 2020 moto uliunguza takriban kilomita za mraba 95 za uoto wa Mlima Kilimanjaro. Ulianza Oktoba 11, yaani kwenye mlango wa mvua za vuli. Moto wa milimani huja mwisho wa kiangazi, na mwisho wa kiangazi ni mwanzo wa mvua. Muda wa kujiandaa ni wa wiki, wala si wa miezi.

Kwa mkulima wa chini ya mlima ulioungua, zipo kazi zisizohitaji mashine. Kamati ya mfereji ipande kuona ni korongo lipi limeungua na linamwaga maji wapi. Magogo yaondolewe kwenye makalavati na chini ya madaraja. Banio liwekewe mlango unaofungika, na mtu wa zamu ajue kuufunga wingu likijikusanya mlimani, hata kama kijijini jua linawaka. Mbegu, mbolea na mashine ya kusaga visikae kwenye ghala lililo kando ya korongo msimu huo.

Dalili nazo zifahamike kwa watoto na wazee. Maji ya mto yakigeuka ghafla kuwa meusi au ya tope ni hatari. Yakipungua ghafla wakati mvua inanyesha ni hatari kubwa zaidi, maana huenda magogo yameziba juu na yatapasuka. Mngurumo kama wa lori kutoka korongoni maana yake ni kupanda pembeni mahali palipoinuka, si kukimbia kufuata bonde.

Kwa mwenye bima au mkopo, mkataba usomwe kabla ya msimu. Je, unataja mafuriko? Unataja tope? Bima inaanza lini baada ya kulipia? Na picha za shamba, mfereji na ghala zipigwe sasa hivi, vikiwa vizima, na hati ya ardhi iliyo kwa jina la marehemu ishughulikiwe. Wakulima wa New Mexico waliokuwa na karatasi hizo walikuwa na pa kuanzia. Wasiokuwa nazo walilazimika kuthibitisha kwamba kitu ambacho tope limekifunika kiliwahi kuwapo.